Chuma Hukwama Juu, Kosa Liko Chini

Mfuko wa saruji una kilo 50, na gatini Lamu mifuko hiyo hushushwa chomboni kwa mikono, ikapanda mabegani, mikokotenini na migongoni mwa punda. Kijana aliyekulia kando ya kazi hiyo huingia jim akiamini kwamba kuinua kitu kizito ni jambo ambalo mwili wake unalijua tayari. Lakini mtazame hamali vizuri. Mfuko hauinui peke yake kutoka chini, hutwikwa. Wenzake wawili huunyanyua, yeye huingia chini yake, na mgongo wake hupokea mzigo ukiwa umeshasimama wima. Dedilifti, yaani kuinua chuma chenye uzito kutoka sakafuni mpaka usimame wima, haina mtu wa kukutwika. Chuma kiko sakafuni, mikono inaning'inia, mgongo unaanza ukiwa umeinama na uzito wote uko mbele yake. Ni kazi nyingine kabisa.

Video za simu zinaonyesha kitu kilekile kila mara. Chuma kinapanda vizuri mpaka juu kidogo ya magoti, kinakwama. Mnyanyuaji anajirudisha nyuma kama mtu anayevuta kamba ya jahazi, magoti yanakunjika tena, chuma kinakwea paja kwa vishindo, wenzake wanapiga kelele "Maliza! Maliza!" Akishakitupa chini, huambiwa mgongo wake ni dhaifu, akafanye mazoezi ya mgongo. Naona mgongo unasingiziwa. Mara nyingi kosa lilishatokea sekunde mbili kabla, chuma kilipoachana na sakafu kikiwa juu ya vidole vya miguu badala ya kuwa juu ya katikati ya wayo. Kule juu ni deni tu linalodaiwa.

Kwanza tukubaliane kufunga, yaani kumaliza mnyanyuo kule juu, ni nini. Kufunga ni kusimama: magoti yamenyooka, nyonga zimenyooka, mabega yako juu ya nyonga au nyuma kidogo ya chuma, basi. Anayeswali ana umbo hili tayari (nazungumzia umbo la mwili tu, sifananishi ibada na vyuma). Kwenye rukuu, makalio hurudi nyuma na mgongo hunyooka kama ubao. Kwenye itidali mtu husimama wima na kutulia. Hakuna anayetoka kwenye rukuu akapitiliza mpaka akatazama dari. Dedilifti inataka njia hiyohiyo, magoti yakiwa yamekunjwa zaidi mwanzoni. Hata waamuzi wa shirikisho la kimataifa la powalifti (mashindano ya kuinua uzito ambayo dedilifti ni sehemu yake), IPF, hawatafuti zaidi ya hapo: magoti yamenyooka, mabega yamerudi, mtu amesimama. Ndipo mwamuzi mkuu hushusha mkono na kutoa amri ya kuteremsha. Kujipinda nyuma hakukuongezei alama hata moja.

Kimo cha chuma

Sahani kamili ya kilo 20, yaani duara la uzito linalovishwa ncha ya chuma, ina kipenyo cha sentimita 45. Maana yake, katikati ya chuma iko sentimita 22.5 kutoka sakafuni, na maelezo yote ya dedilifti yamejengwa juu ya kimo hicho. Jim nyingi za mtaani hazina sahani hizo. Zina bomba la maji na mikebe iliyojazwa zege, na mimi sina ugomvi nayo, zege ni uzito kama uzito mwingine. Lita moja ya zege ina kilo 2.4 hivi, kwa hiyo mkebe wa rangi wa lita 4 hutoa karibu kilo 10, na debe la lita 20 hutoa karibu kilo 48. Zipime kwa mizani ya duka kabla ya kuziamini, kwa sababu upande mmoja ukizidi kilo 3 utasimama umepinda na utadhani kosa ni la kiuno.

Tatizo la mikebe ni kimo. Debe lenye kipenyo cha sentimita 30 huweka bomba sentimita 15 tu kutoka chini, na mkebe mdogo huliweka chini zaidi. Hapo karibu kila mtu atajikunja mgongo ili kulifikia. Dawa ni mbao. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya bomba, toa kwenye 22.5, na tofauti hiyo ndiyo unene wa mbao utakaoweka chini ya kila mkebe. Kwa debe ni sentimita 7.5. Jambo la pili: bomba la inchi moja kwa nje lina milimita 33 hivi, wakati chuma cha mashindano kina 28 au 29. Bomba hilo litakuchosha viganja mapema, na likizidishiwa uzito hupinda na halirudi. Halifai kwa mizigo mikubwa.

Miguuni, kandambili zikatae kabisa. Raba za kukimbilia zenye soli laini nazo ni kama kusimama juu ya godoro. Peku ni bora, au kiatu chenye soli bapa na ngumu. Na mchanga wa ufuo wa Shela ni mzuri kwa kukimbia, si kwa dedilifti: mguu mmoja ukizama kuliko mwingine, nyonga zinapinda ukiwa na uzito mkononi.

Kabla hakijaondoka sakafuni

Simama miguu ikiwa upana wa nyonga, vidole vimetazama nje kidogo. Chuma kiwe juu ya katikati ya wayo wako mzima, kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole, si katikati ya sehemu unayoiona mbele ya kifundo. Wengi hukosea hapa. Ukisimama wima, kati ya muundi na chuma pabaki sentimita 2 au 3 tu. Inama ukishike, mikono ikipita nje kidogo ya miguu, na chuma kisisogee. Sasa sogeza miundi mbele mpaka iguse chuma. Magoti yatakunjika yenyewe na makalio yatabaki juu kuliko magoti. Usichuchumae. Anayeshusha makalio kama anayekaa kigodani, chuma kikiondoka tu makalio yake yataruka juu kwanza, na atabaki na mgongo peke yake.

Inua kidari bila kushusha makalio. Hapo mgongo utanyooka na mabega yatakuwa mbele kidogo ya chuma, kwapa zikiwa juu yake. Halafu bana kwapa kana kwamba umeshikilia gazeti ndani ya kila moja na hutaki lidondoke. Kubana huko ndiko kunakokiweka chuma karibu na mwili njia nzima. Asiyebana, chuma humtoroka mbele kuanzia magotini.

Pumzi sasa. Vuta hewa iingie tumboni na ubavuni, si kifuani tu, kisha kaza tumbo kama mtu anayesubiri ngumi. Ishikilie mpaka umefunga. Mkanda wa kiunoni husaidia kwa sababu tumbo linapata kitu cha kusukuma. Ukiuvaa na kulegeza tumbo, ni pambo. Kushika pumzi hupandisha presha ya damu kwa muda, kwa hiyo mwenye presha, mwenye ngiri au mjamzito amwone daktari kwanza. Eddie Hall wa Uingereza alipoinua kilo 500 mwaka 2016, damu zilimtoka puani na akaanguka baada ya kushusha. Huko ni ukingoni mwa uwezo wa binadamu, lakini kizunguzungu kidogo baada ya mnyanyuo mzito kina asili hiyohiyo. Kwa hiyo ukishafunga achia hewa kidogo kidogo, usiipulize yote kwa mpigo, na vuta pumzi mpya chuma kikiwa chini.

Mwisho kabisa, ondoa ulegevu. Chuma kina nafasi ndogo ndani ya tundu la sahani. Vuta polepole mpaka usikie "tak" na mikono iwe imenyooka kama kamba iliyovutwa. Ndipo unaanza. Mwenye kunyakua kwa ghafla hupoteza mgongo ulionyooka katika robo ya kwanza ya sekunde, na viwiko vilivyokunjwa huvutwa vinyooke kwa nguvu.

Kutoka muundi hadi paja

Usifikirie kuvuta. Fikiria kusukuma sakafu kwa miguu. Makalio na mabega yapande kwa mwendo mmoja mpaka chuma kifike magotini, kikiwa kinapangusa muundi. Soksi ndefu si urembo; bila hiyo ngozi huchubuka.

Umbali una kazi gani hapa? Chukua kilo 100. Zikisogea mbele sentimita 5 kutoka pale zilipopaswa kuwa, mzigo unaoongezeka kwenye nyonga zako ni sawa na kilo 5 zilizoning'inizwa kwenye ncha ya ubao wa mita moja. Jaribu tu kushika kibuyu cha lita 5 mkono ukiwa umenyooka mbele, kisha kishike kikiwa kimegusa paja. Maji ni yaleyale. Na mnyanyuaji anayechelewa kurudisha chuma mwilini hulipa tofauti hiyo pale anapohitaji nguvu zaidi, juu ya magoti.

Chuma kikishapita magoti, kazi hubadilika. Miguu imeshamaliza sehemu kubwa ya yake; sasa nyonga zinakwenda mbele kukutana na chuma. Nimesema zinakwenda mbele, si mabega yanakwenda nyuma. Ukielewa tofauti hiyo umeelewa nusu ya somo. Kaza makalio kwa nguvu, kama unabana sarafu katikati yake, na magoti yanyooke wakati huohuo. Magoti na nyonga vifike pamoja. Mbavu zibaki chini, zisifunguke kama mlango. Shingo iendelee na mstari wa mgongo, macho yatazame ukuta, si dari. Tulia sekunde moja.

Kilichokwamisha

Kama chuma kinakwama kati ya goti na katikati ya paja, piga video kutoka ubavuni, kamera ikiwa kimo cha nyonga, kisha itazame kwa kuisimamisha. Jibu liko hapo.

Tazama kwanza magoti yalinyooka lini. Yakinyooka chuma kikiwa bado magotini, makalio yalitangulia. Hapo hakuna mguu tena wa kusukuma. Kilichobaki ni kukunjua mgongo kama bawaba. Chanzo karibu siku zote ni makalio yaliyoanza chini mno, au uzito uliokuwa mkubwa kwa mapaja. Punguza uzito asilimia 15 na fanya mnyanyuo wenye kituo: simamisha chuma sentimita 3 kutoka sakafuni kwa sekunde mbili, halafu endelea. Makalio yakikimbia utayaona.

Kama magoti yalinyooka kwa wakati lakini mgongo wa juu umejikunja kama kobe, nyonga zitafunga na mabega yatabaki mbele. Mnyanyuaji huyu husema "nimesimama", na nyonga zake kweli zimesimama, ila mabega bado yako mbele ya chuma na mwamuzi atampa taa nyekundu, yaani mnyanyuo umekataliwa. Kwapa hazikubanwa, au sehemu ya juu ya mgongo ni dhaifu. Kuvuta chuma tumboni ukiwa umeinama, seti 3 za mara 8 hadi 10, ndiyo kazi yake.

Kukwea paja ni kosa lenye jina baya kwenye mashindano, na lina sababu. Magoti yakikunjika tena chini ya chuma, paja linakuwa rafu ya kuegemeza mzigo, na mgongo unapigwa vishindo vidogo vidogo ukiwa umechoka. Likitokea mazoezini, weka chini. Mnyanyuo uliookolewa namna hiyo haukujengi chochote.

Halafu kuna kujipinda nyuma, ambalo mimi naliona baya kuliko yote kwa sababu hupigiwa makofi. Mgongo wa chini ukipinda kupita kiasi, viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili husagana chini ya uzito wote ulioshika. Pia, mwili ukiegemea nyuma, magoti hulegea yenyewe ili usianguke, kwa hiyo hata kufunga hujafunga. Anayejipinda kwa kawaida hakazi makalio. Anatafuta kwa kiuno mwendo ambao nyonga hazikuumaliza. Mwambie asimame na mgongo ukutani bila uzito, akaze makalio, kisha ajaribu kujipinda. Atashangaa jinsi mwendo ulivyo mdogo.

Kupandisha mabega masikioni na kukunja viwiko ni makosa ya pupa. Mikono ni kamba. Anayeshika kwa mtindo wa mchanganyiko, kiganja kimoja mbele na kimoja nyuma, awe mwangalifu zaidi: mkono uliotazama mbele, kiwiko kikikunjwa, msuli wa mbele wa mkono unaweza kukatika kwenye kano. Badilisha mikono kila seti, na tumia mtindo huo kwa seti nzito tu. Nyingine shika viganja vyote vikitazama nyuma.

Na viganja vyenyewe. Msimu wa kaskazi Lamu hewa ni nzito na jasho halikauki. Chuma kinateleza hata kwa mwenye nguvu, na huteleza juu, pale ambapo muda wa kushika umeshakuwa mrefu. Chaki ya wanyanyuaji ni magnesiamu kaboneti. Chaki ya ubao wa shule si kitu hicho na haikaushi vilevile. Kama huna, weka kitambaa kikavu karibu, futa mikono na chuma kabla ya kila seti. Shika chuma kwenye mashina ya vidole, si katikati ya kiganja, la sivyo kitajiviringisha na kukunja ngozi mpaka itoke lengelenge. Katika mara ya mwisho ya kila seti, kaa juu sekunde 5 kabla ya kushusha.

Kuimarisha sehemu ya juu

Dedilifti ya Kiromania ndiyo ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Jina lilitokana na Nicu Vlad, Mromania aliyetwaa dhahabu ya kunyanyua vyuma Los Angeles mwaka 1984. Unaanza ukiwa umesimama na chuma, unarudisha makalio nyuma magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu, chuma kinateremka kikigusa paja mpaka chini kidogo ya magoti, ukisikia nyuma ya mapaja imevutika, halafu nyonga mbele. Nusu ya uzito wako wa dedilifti inatosha kuanzia, seti 3 za mara 8.

Kusukuma nyonga juu hakuhitaji hata benchi: baraza la mawe lina kimo kinachofaa. Egemeza mgongo wa juu ukingoni ukiweka mto, chuma kikae kinenani juu ya taulo lililokunjwa, miguu chini, sukuma nyonga mpaka zilingane na magoti, kaza, hesabu mbili. Asiye na chuma akanyage mpira wa ndani wa tairi la baisikeli, ashike ncha zake mbili na afanye mwendo wa rukuu na kusimama. Mpira huwa mzito kadiri unavyovutika, kwa hiyo unakubana pale pale pa kufungia.

Kuvuta kutoka juu ya mbao za sentimita 10, karibu kila mtu hulipenda kwa sababu uzito unakuwa mkubwa na picha inakuwa nzuri. Lina faida, lakini kwa aliyesharekebisha mwanzo wake. Mwenye kosa la sakafuni akivutia kwenye mbao anajifunza kulikwepa.

Ratiba ni fupi: siku moja nzito kwa wiki, na ya pili nyepesi ukitaka. Kwa anayelenga kilo 100 siku hiyo, inua kilo 20 kwa mara 8, kilo 50 kwa mara 5, kilo 70 kwa mara 3, kilo 85 kwa mara 2, kisha kilo 100 kwa seti 3 za mara 5. Ongeza kilo 2.5 kwa wiki maadamu mara ya mwisho inafanana na ya kwanza. Mwezi wa Ramadhani punguza uzito, ufanye usiku baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha. Mchana wa saumu na joto si wakati wake.

Maumivu ya misuli siku ya pili yapo na yataondoka. Yanayoshuka kutoka kiunoni kupitia kalio hadi mguuni, au ganzi ya mguu, si ya kuvumilia: acha vyuma, nenda hospitali.

Kushusha ni kama kupanda, ila kinyumenyume. Makalio nyuma kwanza, chuma kikishuka kwenye paja. Kikipita magoti ndipo uyakunje. Ukiyakunja mapema chuma kitagonga magoti na kukusukuma mbele. Sahani zikishagusa sakafu, zipe nafasi zitulie, jipange upya, pumzi mpya. Ukimaliza siku yako, futa chuma kwa kitambaa kikavu na ukipitishe mafuta kidogo ya mashine. Chumvi ya bahari inakula makwaruzo ya kushikia haraka, na chuma kilichopata kutu hukata viganja kabla hakijakutoa jasho.